Mjomba Hachomelei Bampa

Mlimba,
19 Januari 2025

Mjomba Melkiori,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na Mama Evod ni wazima na kwamba mvua za huko Lumemo hazijawafikia mlangoni. Mimi mpwa wako ni mzima. Mama naye ni mzima kule Lupiro. Nilipita kwake kabla ya kuja huku, nikamkuta kwenye majaruba ya mpunga, tope hadi magotini, anaimba. Anakusalimia na anauliza lini utamtengenezea lile dirisha.

Usishangae kuona barua. Simu husikii, grenda ya kukatia vyuma imeshayamaliza masikio yako, na meseji hutaki kwa sababu lazima mtu akusomee halafu mtaa mzima ujue. Nimenunua daftari. Barua zitabebwa na Levina, yule mama wa biashara ya mchele anayekuja Ifakara kila baada ya wiki mbili tatu. Ananifahamu, na nimemwonyesha kwenye ramani ya kuchora karakana yako ilipo.

Kazi ya ugani nimeanza. Watu wananiita bibi shamba hata kabla sijasema jina langu. Nina vijiji tisa, vingine kando ya reli, vingine huko kwenye majaruba ambako barabara ni kingo tu za mashamba. Idara imenipa pikipiki, ile ndefu ya kupita porini. Mjomba, nilijifunza kuendesha pale chuoni Morogoro kwenye lami. Huku nimejifunza upya. Wiki ya kwanza nimelala nayo chini mara mbili, polepole, bila kuumia, lakini mara zote mbili mguu ulikuwa upande uliolala.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nahitaji bampa, vile vyuma vya kukinga miguu na injini. Hapa Mlimba nimeona za aina tatu. Kuna zile pana zinazong'aa, zimekaa kama pembe za ng'ombe. Kuna za duara, ndogo, zinakumbatia injini. Halafu kuna za nondo zinazochomwa hapahapa. Fundi pikipiki wetu, Stanislaus, anasema chukua pana, utaheshimika barabarani. Mimi sitafuti heshima, natafuta mguu. Wewe ndiye fundi ninayemwamini. Nichague ipi? Au, ningependa zaidi, unichomelee wewe.

Sitatulia mpaka unijibu.

Mpwa wako,
Konsolata


Ifakara, Lumemo,
16 Februari 2025

Mpwa wangu mpendwa Konsolata,

Milele amina. Marahaba, mama. Barua yako imenifikia, Levina aliileta akiwa amelowa ila bahasha kavu. Nimeisoma mwenyewe kwa miwani yangu, mara tatu.

Hapa nyumbani hatujambo. Mke wangu goti linamsumbua kila mvua ikikaribia, amekuwa kama redio ya hali ya hewa. Mto Lumemo umejaa lakini haujatoka. Jumuiya yetu imenipa kazi ya kutengeneza madirisha ya kigango, nimemaliza manne, bado sita. Mbuzi yule mwekundu uliyempenda amezaa mapacha. Dirisha la mama yako nalikumbuka, mwambie dada yangu asichoke kuniombea.

Nimefurahi sana kwa kazi yako. Nilipokuwa nakufundisha baiskeli pale uwanjani, ulikuwa huniruhusu nikushike, sasa naona serikali nayo haiwezi kukushika.

Lakini nauliza, hiyo idara haina kazi za ofisini? Mtu aliyesoma kama wewe angeweza kukaa kuandika taarifa, na wakulima wakaja wenyewe. Au wakati huu wa masika utumie baiskeli. Baiskeli ikianguka unaiangusha tu pembeni, unasimama.

Kuhusu vile vyuma, tutazungumza.

Mungu akulinde.
Mjomba wako,
Melkiori


Mlimba,
2 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa mapacha wa mbuzi. Pole nyingi kwa Mama Evod na goti lake. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, huku nakula nikiwa nimesimama.

Mjomba, umeandika ukurasa mzima, na bampa umeipa mstari mmoja: tutazungumza. Tutazungumza lini? Kijiji changu cha mwisho kiko kilomita thelathini na nne. Kwa baiskeli nitafika mpunga umeshavunwa. Na wakulima hawaji ofisini, nawafuata mimi, ndiyo kazi niliyoapishwa.

Kila nikipita sehemu yenye utelezi naona picha ya mguu wangu chini ya injini. Naendesha nimetanua magoti kama bata. Juzi nilikutana na msururu wa baiskeli zimepakia magunia, nikasita, nikazimisha, nikasimama katikati ya njia. Wenye baiskeli wakaniambia, "Bibi shamba, pita basi, au unatuhesabu?" Nikaona aibu.

Jambo lingine. Kaka Evod yuko wapi siku hizi? Mama anasema yuko Mahenge, ana mke na mtoto. Nikiuliza zaidi anaanza habari za mchicha. Yeye alipoumia ile 2021 mimi nilikuwa chuoni na mitihani, nikaambiwa tu kwamba aligongwa na lori na mguu umekatwa. Kisha mkaacha kumtaja. Mwanao wa pekee, Mjomba. Namba yake ninayo lakini naogopa kumpigia kwa sababu sijui niseme nini.

Nijibu yote mawili.

Konsolata


Ifakara, Lumemo,
23 Machi 2025

Mpwa wangu Konsolata,

Marahaba. Nashukuru kwa salamu. Goti la mke wangu limetulia kidogo. Mbuzi mmoja wa mapacha amekufa, mwingine ana nguvu. Madirisha ya kigango yamekwisha.

Evod yuko Mahenge. Ana kibanda cha kutengeneza simu pale karibu na stendi. Mke wake ni Eveline, mtoto ni Dativa, ana mwaka na nusu. Ni wazima.

Sasa nijibu la vyuma. Mimi sichomelei bampa. Nachomelea milango, madirisha, vitanda, majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Bampa niliacha. Usiniulize zaidi, lakini nitakuambia namna ya kuchagua, ukanunue dukani kitu kizima.

Zile pana zinazong'aa, achana nazo. Chukua ufunguo, igonge. Ikilia kama mfuniko wa sufuria, hilo ni bomba jepesi lililopakwa urembo. Tena upana wake utanasa matete na mizigo ya baiskeli, na ikigonga kisiki inavuta chesisi nzima, ule mfupa wa pikipiki, ipinde. Ya nondo nayo usidanganyike. Nondo ni ngumu, ila pikipiki inatetemeka siku nzima, na pale ilipochomewa ndipo patakapokatika, bila kukuaga.

Chukua ya duara, yenye bomba nene la mviringo. Ishikwe kwenye pikipiki kwa sehemu tatu, si mbili, na zote ziwe za bolti. Mtu yeyote asichomelee kitu kwenye chesisi, moto unaidhoofisha, na pikipiki si yako. Kisha panda, weka mguu kwenye kikanyagio, upime nafasi kati ya chuma na ugoko wako, vidole vinne visimame humo. Chuma kitokeze nje kuliko kikanyagio, ili chenyewe ndicho kiguse chini kwanza. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, gurudumu lisiguse kitu. Na uangalie tope lisipate mahali pa kukaa mbele ya injini.

Zaidi ya yote, isikunjike kuelekea kwako. Mguu upate chumba. Pikipiki ikilala, chuma ndicho kiibebe, mguu ubaki chumbani mwake. Kama haiwezi kufanya hivyo, ni bora uende bila kitu, kwa sababu isiyofaa inafunga mguu kama mtego.

Nimeandika mengi. Nenda polepole.

Melkiori


Mlimba,
13 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Leo ni Jumapili ya Matawi, sikwenda kanisani, kazi zilikuwa nyingi. Barua yako imenisaidia. Stanislaus anasema ya duara ya pikipiki yangu haipatikani Mlimba, ameagiza, tunangoja. Mvua ni nyingi mno.

Wasalimie wote. Pasaka njema.

K.


Ifakara, Lumemo,
4 Mei 2025

Konsolata,

Kristo amefufuka. Salamu zangu leo zitakuwa fupi.

Levina alifika hapa juzi na magunia yake. Nikamuuliza, "Mpwa wangu hajambo?" Akanijibu, "Hajambo wapi? Bibi shamba wako anatembea na fimbo kama mzee wa baraza. Alilaliwa na pikipiki mferejini." Nikamwambia mbona ameniandikia ni mzima. Akacheka, akasema, "Mmerithiana."

Nimekaa na neno hilo siku mbili. Nimefungua karakana, nimefunga, nimefungua tena. Nimeanza kitanda cha watu nikakata vipimo sivyo. Nilitaka kukuandikia kwa hasira, lakini kila nikianza naona Levina amesema kweli, kuficha ulijifunza kwangu.

Mama yako anajua sehemu, mke wangu anajua sehemu. Wewe utakuwa wa kwanza kujua yote.

Hakukuwa na lori. Evod alikuwa na bodaboda, unakumbuka, alikuwa anakwenda mpaka Lupiro na kurudi. Julai ya 2021 akaniomba bampa. Bomba nene lilikuwa limeniishia. Nilikuwa na mabomba ya viti vya shule, yale membamba, na nilikuwa na kazi ya viti imenisonga. Akaja asubuhi akanikuta nalipinda. Akalishika, akasema, "Baba, hili si la viti?" Nikamwambia, "Usinifundishe kazi. Litakufaa." Nikalipaka rangi nyeusi mara mbili, mpaka likaonekana nene. Hiyo rangi, Konsolata. Fundi hapaki mara mbili bila sababu.

Siku ya tisa tangu nimfungie alimkwepa mtu wa baiskeli hapa hapa barabarani, akalala upande wa kushoto. Si ajali kubwa. Mtu angeinuka akajipangusa. Lile bomba likakunjika nyuma, likambana ugoko kwenye injini. Walichukua muda kulitoa. Wiki tatu baadaye wakakata mguu chini ya goti.

Siku ya pili yake wodini aliniuliza, "Baba, ulijua lile bomba ni jepesi?"

Nikasema, "Sikujua, mwanangu. Waliniuzia vibaya."

Akanishika mkono. Akaniambia nisijilaumu. Mtu amekatwa mguu, ananibembeleza mimi. Na mpaka leo watu wakimuuliza anawaambia baba yake hana kosa, alidanganywa dukani. Habari ya lori niliianzisha mimi, kwa nyinyi mliokuwa mbali, kwa sababu lori halina wa kumuuliza.

Alipohamia Mahenge nilifurahi. Hilo ndilo baya kuliko yote. Alinialika ubatizo wa Dativa, nikasema nina homa. Yeye hana ugomvi nami. Mimi ndiye siwezi kumtazama.

Sasa nawe uniambie kuhusu mguu wako, na usinifiche hata jeraha moja.

Melkiori


Mlimba,
18 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa ukutani nje ya ofisi, na mwenzangu alipopita nikasingizia moshi.

Nianze na langu. Ilikuwa tarehe mbili Aprili. Nilikuwa natoka kukagua vitalu vya mpunga, nikapita ukingoni mwa mfereji, gurudumu la nyuma likateleza. Nikaanguka mferejini, pikipiki juu yangu. Mguu wa kulia ulikuwa chini, bomba la moshi limenilalia kwenye shavu la mguu. Maji yalinifika kifuani, nikawa nimeshika majani ya ukingo ili kidevu kikae juu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliyenisikia ni Mbuke, mama wa Kisukuma ambaye shamba lake liko ng'ambo. Akaja na wakwe zake wawili. Nikawa navuta mguu, akaniambia, "Binti, usijivute! Tulia, sisi ndio tutavuta." Wakainua. Nilikuwa nimekaa humo, yeye anasema, muda wa kuchemsha maharage. Niliungua, na kifundo kiliteguka. Hakuna kilichovunjika. Kidonda kinafunga. Fimbo nimeiacha wiki hii. Ni hayo yote, sijakuficha kitu.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaniambia tena habari za baiskeli. Na niliona haya, Mjomba. Bibi shamba aliyeshindwa na mfereji.

Sasa la kwako. Mimi si hakimu wako. Wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, na barua hii moja haiwezi kufuta hilo. Lakini sitakuambia kwamba si kitu. Kaka Evod alikuuliza swali, na tangu siku hiyo anaishi na jibu ambalo si lake. Anakutetea kwa watu. Anakualika kwa mtoto wake, anadhani una homa. Nenda Mahenge. Mimi sitamwambia, mama hatamwambia, Levina hatabeba barua ya namna hiyo. Nenda kwa miguu yako.

Na bampa bado naitaka. Naitaka kwa mikono yako, kwa bomba nene, bila rangi, nikione chuma chenyewe. Ile aliyoagiza Stanislaus haijafika na siingoji tena. Tarehe mosi Juni narudi barabarani, niwe nayo au nisiwe nayo. Usinichukie kwa maneno haya.

Mpwa wako daima,
Konsolata


Ifakara, Lumemo,
8 Juni 2025

Mpwa wangu Konsolata,

Heri ya Pentekoste. Mke wangu anakusalimu, anasema kidonda upake asali safi kama daktari ameruhusu. Pole sana, mama. Nilipofika pale pa kidevu nilivua miwani.

Nilikwenda. Jumatano asubuhi nilipanda basi, nikashuka kwanza Lupiro kwa mama yako, nikamwambia. Aliniangalia, akasema, "Kaka, mbona umekonda namna hii," kisha akanipa chai na kunisindikiza mpaka barabarani. Kupanda mlima wa Mahenge nilikuwa nahesabu kona, nikitamani basi liharibike.

Evod nilimkuta kibandani, ameinama kwenye simu ya mteja, bisibisi ndogo mkononi. Aliponiona alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Baba! Karibu, karibu. Homa imepona?" Anapaza sauti, anajua masikio yangu.

Nikasema, "Evod, kaa. Siku ile wodini uliniuliza kama nilijua."

"Ukasema hukujua."

"Nilijua. Lilikuwa bomba la viti, nikalipaka rangi mara mbili lionekane nene."

Konsolata, aliinua kile kiti kilichoanguka. Akakaa. Akaendelea na ile simu, akafunga kijiskurubu kimoja, cha pili, mpaka cha mwisho. Akaiwasha, ikawaka, akampa mwenyewe. Kisha akaanza kufunga kibanda, na ilikuwa saa sita mchana. Nilimfuata nikamwambia, "Mwanangu, sema chochote." Akasema bila kugeuka, "Baba, basi la kurudi linaondoka saa nane."

Nikaondoka nalo. Mtoto sikumwona.

Nimerudi nimenunua bomba nene, liko hapa limeegemea ukuta. Nalitazama tu. Leta vipimo, labda mikono itaamka.

Melkiori


Mlimba,
29 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Asali napaka. Mbuke amenipa pia majani yake, nayo napaka, nikipona sitajua nimshukuru nani.

Nimerudi barabarani. Naendesha polepole mno, wenye baiskeli wananipita.

Vipimo ndivyo hivi nyuma ya karatasi. Stanislaus amekata pia kipande cha boksi kwa umbo lenyewe, matundu matatu ya bolti nimeyatoboa kwa kalamu. Levina anakuja nacho, mwambie asikikalie.

Eveline amenipigia simu. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza. Aliniuliza, "Wifi, baba alimwambia nini mume wangu? Hali chakula vizuri, anafungua kibanda, anafunga, anatembea stendi na kurudi." Nikamwambia amuulize mwenyewe. Sina habari nyingine ya kukupa, na sitaki kukudanganya kwamba mambo yatakuwa sawa. Sijui.

Anza kazi, Mjomba. Tafadhali.

Konsolata


Ifakara, Lumemo,
10 Agosti 2025

Mpwa wangu mpendwa Konsolata,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini Nanenane yenu ilikwenda vizuri na mpunga wako umepata watu wa kuutazama. Hapa hatujambo sote. Mama yako amepata dirisha lake, nililipeleka mwenyewe, sasa analalamika kwamba mwanga umezidi.

Kifurushi alichokuletea Levina ni bampa yako. Kabla hujaifungua nataka ujue ilivyotoka hapa.

Niliichoma mara mbili. Ya kwanza nilipomaliza niliona maungio hayaniridhishi nikaikata vipande. Ya pili nilikuwa naisugua, Jumanne iliyopita, mtu akasimama mlangoni. Sikumsikia. Niliona kivuli tu sakafuni, nikageuka, ni Evod. Amekuja peke yake, na begi dogo. Hakunisalimia, nikamwambia, "Hii ni ya Konsolata."

Akaichukua. Akaipima kwa gumba, akachungulia ndani ya bomba kwa tochi ya simu, akaigonga kwa ufunguo. Akauliza, "Pikipiki yake ni aina gani?" Nikamwambia bwana shamba wa kata hii anayo kama ile. Akasema, "Kaiazime."

Nikaiazima. Akaifunga bampa kwa mkono wake, bolti zote tatu, mimi nashika tu. Vijana wa bodaboda wakaanza kusogea, unajua walivyo. Alipomaliza aliisimamisha katikati ya kiwanja cha karakana, akashika usukani, akaniambia:

"Baba, lala."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia, kwa sauti ya juu, watu wote wakasikia. "Lala chini. Mguu wa kushoto uweke hapa."

Kijana mmoja akaleta gunia la pumba nilazie mguu. Evod akasema, "Ondoa." Nikalala kwenye mchanga, Konsolata, mimi na miaka yangu sitini na mbili, mguu kando ya injini. Mke wangu alitoka ndani akapiga ukelele. Evod hakumtazama. Akanitazama mimi, kisha akaiachia pikipiki.

Ilikuja yote. Chuma kiligonga chini, nikaona vumbi, nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa imelala juu yangu, na mguu uko chumbani mwake. Ningeweza kucheza vidole.

Evod akauliza, "Uzito unausikia?"

"Nausikia."

"Wapi?"

"Kwenye chuma. Mguuni hakuna."

Akasema, "Mimi niliusikia mguuni."

Vijana walikuja kuinua, akawazuia kwa mkono. Akavuta kigoda akakaa karibu na kichwa changu, ule mguu wa bandia ameunyoosha mbele yangu. Akaanza kunieleza. Jinsi alivyolisikia bomba likikunjika kabla hajasikia maumivu. Jinsi alivyokuwa anamwita mama yake barabarani, mtu mzima. Jinsi usiku wa kwanza baada ya kukatwa alivyotaka kujikuna kidole ambacho hakipo. Na jinsi alivyonionea huruma mimi, miaka minne, akiwaambia watu baba yangu hakujua. "Hiyo huruma," alisema, "ndiyo nataka unirudishie." Nikamwambia sijui nitairudishaje. Akasema, "Hata mimi sijui." Nilikuwa nimelala pale, kola imejaa mchanga, sikumkatiza hata mara moja.

Alipomaliza aliinuka akawaambia vijana, "Haya, mtoeni."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Alikula chakula cha mama yake, akakaa nasi siku mbili. Kabla hajaondoka aliifungua bampa yako, akaizungushia gunia, akaandika jina lako. Maandishi utakayoyaona ni yake. Rangi hakuna, kama ulivyotaka, kwa hiyo ipake mafuta isishike kutu. Bolti ya juu uikaze tena baada ya siku mbili za kuendesha, huwa inalegea mwanzoni. Ukianguka nayo na ikapinda, usiinyooshe, nirudishie nikutengenezee nyingine. Bampa nimeanza tena kuchomelea, na kila inayotoka hapa nalala chini yake kwanza. Mtaani wanasema mzee amechanganyikiwa, na foleni haipungui.

Stendi, alipokuwa ameshapanda basi, Evod alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Dativa anaogopa watu asiowajua. Itabidi uje mara nyingi."

Nakwenda Jumamosi.

Mjomba wako,
Melkiori